Katapila hakuuza pambano la Masasi, mimi niliyekuwa kona yake najua kilichomwangusha

Wakuu, salamu kwenu nyote. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo mambo vipi.

Mimi humu ndani ni msomaji tu, huwa nasoma, nacheka, napita. Leo nimeshindwa kupita. Ninachoandika hapa ni kweli yote, na sehemu kubwa inaniaibisha mimi mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kutia chumvi.

Wiki hii umeibuka tena ule mjadala kwamba bondia wetu wa Newala, Bakari, yule mnayemwita Katapila, aliuza pambano lake la Masasi mwaka juzi. Mmoja kaandika "alipiga goti bila kuguswa, mtoto mdogo anaona kauza". Amepata like nyingi kweli.

Sasa nisikilizeni. Kocha wake nilikuwa mimi. Taulo lilikuwa begani kwangu.

Kwa wasiotujua, Newala hatuna jimu. Tuna stoo ya zamani ya korosho, na gunia la mchanga tumelining'iniza kwenye kenchi ya paa. Mkimaliza mazoezi watu wanne mnaoga ndoo moja, na hiyo ndoo mshukuru mmeipata.

Bakari alitokea humo. Kijana mpole, hana makuu, mama yake mjane. Alishashinda mapambano sita, la saba ndilo hilo la Masasi, na mpinzani alitoka Dar. Akishinda hilo anapata ubondia wa maana, anatoka kwenye gunia la mchanga.

Tatizo likawa tarehe. Pambano lilipangwa mwezi wa nane, na wenzangu wa huku mnajua mwezi wa sita mpaka wa nane ni msimu wa kupulizia mikorosho salfa, ule unga wa dawa. Usipopulizia, ugonjwa wa ubwiriunga unakula maua na mwaka wako umekwisha. Bakari alikuwa fundi wa mashine ya kupulizia, ile ya kubeba mgongoni, anaitwa kila shamba.

Akaja kwangu, akaniamkia, akasema, "Kocha, naona msimu huu niache kupulizia, nifanye mazoezi tu."

Hapo ndipo nilipojiona nina akili kuliko watu wote wa Newala.

Nikamwambia mazoezi gani zaidi ya hayo? Mashine mgongoni ikiwa imejaa unga ni mzigo wa mwanaume. Unapanda na kushuka shambani tangu alfajiri. Miguu inakaza, mgongo unakaza, mabega ndiyo usiseme. Kazi na mazoezi kwa pamoja.

Ningeishia hapo pengine leo tusingekuwa na mjadala. Sikuishia.

Nilikuwa nimeona kwenye simu video za mabondia wa nje wanakimbia wamevaa barakoa za kubana pumzi, eti mapafu yanapanuka. Sisi hatuna barakoa za hivyo. Nikachukua kanga, nikaikunja mara tatu, nikamfunga puani na mdomoni, nikailoanisha. Nikamwambia, "Kimbia na mashine ukiwa na hii. Siku ukiivua ulingoni, utaona hewa ya Masasi yote ni ya kwako."

Wakuu, aliyewahi kushika salfa anajua ninachosema. Ule unga ukikutana na jasho unawasha kama pilipili. Kanga ikiloa, unga unaganda pale pale, na wewe unavutia pumzi hapo hapo. Alikimbia hivyo wiki sita.

Alianza kukohoa wiki ya tatu. Mama yake akanifuata, "Baba Zuhura, mwanangu halali kwa kikohozi." Nikamjibu, "Mama Bakari, kifua kinafunguka hicho, usiwe na wasiwasi." Mimi darasa la saba, nimejigeuza daktari.

Pambano lilikuwa mchana, ukumbi umejaa. Watu wa Newala walishuka na malori wakiimba. Raundi ya kwanza Bakari alimpiga yule wa Dar mpaka nikaanza kucheka peke yangu.

Raundi ya pili akaanza kufungua mdomo.

Aliporudi kukaa midomo ilikuwa imebadilika rangi. Akanishika mkono, akasema, "Kocha, kifua kinaziba. Sipati hewa."

Nilikuwa na taulo begani. Ningelirusha ulingoni, pambano lingekwisha, na kila mtu angeelewa kwamba kijana anaumwa. Nilichofanya ni kumpiga kofi la shavu na kumwambia, "Acha uoga, watu wametoka mbali."

Akainuka. Raundi ya tatu haikufika hata dakika moja. Yule wa Dar alirusha ngumi ikapita hewani, haikumgusa kabisa. Bakari akashusha mikono, akapiga goti. Refa akahesabu mpaka kumi huku Bakari ameshika kamba, anatazama chini.

Hicho ndicho mlichokiona. Mlichokiona ni kweli, maana yake ndiyo siyo.

Chupa zikaanza kuruka. "Ameuza! Ameuza!" Watu wa nyumbani kwake ndio waliopiga kelele kuliko wote. Na mimi, wakuu, mtu wa redio akaniwekea kipaza sauti mdomoni akauliza kimetokea nini. Nikajibu, "Hata mimi sielewi. Muulizeni mwenyewe."

Hiyo sentensi naisikia mpaka leo.

Tulimpeleka hospitali. Daktari akauliza kazi yake, akauliza habari za salfa, akauliza alikuwa anafunika pua na nini. Nikaeleza ile kanga. Daktari akamgeukia Bakari akamwambia njia za hewa zimeumia vibaya, ngumi basi, mashine basi, hata jembe ashike kidogo kidogo.

Kijana alikuwa na miaka ishirini na nne.

Sasa hivi anauza vocha na sabuni kwenye kibanda. Akitembea kutoka nyumbani mpaka sokoni anapumzika mara mbili. Wapo wanaopita pale na kumuuliza leo anauza nini kingine. Msikitini alitolewa kwenye kamati ya vijana, hakuelezwa sababu, ila sababu anaijua. Hajawahi kumtajia mtu jina langu. Hata mama yake hajui kwamba kanga ilikuwa wazo langu, anafikiri ni desturi ya wapuliziaji.

Na lipo moja ambalo nimelikwepa tangu nianze kuandika. Katika yale mashamba aliyokimbia na mashine, mawili yalikuwa ya kwangu. Niliyaweka kwenye ratiba, nikayaita mazoezi. Mikorosho yangu ilizaa vizuri sana mwaka ule.

Nilichojifunza ni kwamba mwanamichezo akikwambia hapati hewa, hapati hewa. Hadithi ya moyo na ujasiri mwambie siku nyingine. Na wenzangu mnaopulizia, nunueni barakoa zinazotakiwa, kanga ivaeni kiunoni.

Jana nilienda kibandani kwa Bakari nikamsomea uzi huu wote kabla sijauweka, kwa sababu ni maisha yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akakohoa, akanywa maji, akaniambia, "Kocha, pale pa mashamba yako patoe. Watu watakusema vibaya."

Nimepaacha kama palivyo.

Karibuni mchangie. Mwenye swali aulize, nitamjibu. Na mwenye matusi asipite tena kibandani kwa Bakari, ayaandike hapa chini, yananihusu mimi.