Mke wa Kuangalia Moto

Alikuja asubuhi akiwa amenyoa ndevu, na papo hapo mwanamke akajua kwamba ana shida. Alipokuwa mumewe hakuwa na habari ya wembe mpaka ndevu zimwashe. Sasa alisimama mlangoni na shati la pasi, anakohoa kikohozi cha mgeni, utadhani si yeye aliyeutundika mlango ule kwa mikono yake.

“Mama watoto, hujambo?”

“Sijambo.” Alikuwa anachambua mchele kwenye sinia, hakuinua uso.

“Kuna kazi ya sakafu.”

“Si una mke?”

“Yule?” Akajikuna kisogo. “Yule ana simu.”

Kicheko kilimjia kikaishia puani. Alielewa bila kuelezwa zaidi. Mwanamume huyu alikuwa fundi wa kuchomelea bodi, na kazi yake kubwa ilikuwa magari ya zamani, yale ya pua ya mviringo ambayo wenyewe hawataki kuyaacha yafe. Gari la namna hiyo huozea chini. Maji hupenya kwenye mpira wa kioo, kapeti huyanywa taratibu, na siku ukiinua kapeti, sakafu huja nayo vipande vipande kama chapati iliyokauka. Fundi hukata bati lote bovu, hupachika jipya, kisha hulala chali chini ya gari kulichomelea. Akiwa huko chini haoni kinachotokea juu. Cheche hupenya, hutua kwenye nyaya, kwenye sponji, kwenye lami iliyopakwa kuzuia kelele. Kwa hiyo lazima mtu akae ndani ya gari na ndoo ya maji na kitambaa kilicholowa, na kila panapofuka moshi apagandamize. Kazi hiyo haina malipo, haitaki usingizi, wala haitaki simu.

Miaka yote ya ndoa kazi hiyo ilikuwa yake. Vidole vyake vya mkono wa kulia viliungua mara nyingi mpaka vikaacha kusikia joto. Jikoni huepua sufuria kwa mkono mtupu. Wenzake waliolewa kuzaa, wengine kulima. Yeye aliolewa kuangalia moto.

Lakini mtaani hawakumwita mke wa fundi. Walimwita Zimamoto, na walimwita kwa kumcheka.

Ilikuwa hivi. Siku moja, zamani, vijiti vya kuchomelea vilikaribia kuisha, mumewe akamtuma dukani akalete pakiti nyingine. Badala ya kungoja, bwana akaendelea na vile vichache vilivyobaki. Siti ikashika moto. Mwanamke aliporudi, gari la mfanyabiashara wa mbao lilikuwa limebaki mifupa. Mwenye gari alipofika anafoka, mumewe akamnyooshea mkewe kidole mbele ya gereji nzima: “Nilimweka huyu aangalie, akasinzia.”

Nyumbani akambembeleza. “Jina lako likichafuka, nani atakunyima kazi? Langu likichafuka, tutakula nini?”

Mwanamke akaona ni kweli. Akanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikommaliza. Mume alipotaka kumwacha aoe mwingine, sababu aliyowapa ndugu zake ilikuwa ile ile: mwanamke mzembe, nusura amfilisi. Mawifi wakaitikia kwa pamoja. Na mwaka huu, shule ya watoto wadogo hapo jirani ilipotafuta mpishi, mwalimu mkuu alimkubali, akamwonyesha hadi stoo ya kuni, kisha mtu akamnong’oneza mwalimu. “Samahani, mama. Moto na watoto, unajua tena.” Wakamchukua mwingine.

Kwa hiyo alipoulizwa kuhusu sakafu, alikuwa na jibu tayari.

“Nitakuja. Ila utasema mbele ya wote pale gereji nani alinituma dukani siku ile.”

“Aa, mama watoto! Mambo ya zamani hayo.”

“Basi kaoe wa tatu.”

Mwanamume akatazama nje, akatazama viatu vyake. “Haya. Nitasema.”

Gereji ilikuwa ua mmoja uliopangwa na mafundi kadhaa. Fundi viti alikuwa na cherehani yake kibarazani, fundi rangi amejifungia kwa pazia la nailoni. Gari lilikaa juu ya stendi, limeng’olewa siti na tangi la mafuta. Kwenye nafasi za milango fundi alikuwa amechomelea mabomba ya chuma, maana ukikata sakafu bila kulifunga gari namna hiyo, bodi hulegea katikati, na milango haifungi tena maisha yake yote. Alikuwa fundi mzuri. Hata adui yake angekiri hivyo, na adui yake alikuwa amekaa ndani ya gari na ndoo.

“Upo?” akaita kutoka chini.

“Nipo.”

Akachoma nukta moja, akahamia mbali, akachoma nyingine, ili bati lisipinde kwa joto. Moshi ukafuka karibu na kanyagio, mwanamke akaukandamiza. “Upo?” “Nipo.” Ukiondoa habari za chumvi na ada za shule, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya ndoa yao.

Upande wa kushoto ukaisha.

“Sema sasa,” mwanamke akamwambia.

“Tumalize kwanza wa kulia. Mwenye gari yuko njiani.”

Akawasha grenda akakata upande wa kulia wote, mpaka mchanga wa uani ukaonekana. Alipolala tena chini na bati jipya, aliita, “Upo?” Hakujibiwa. Mwanamke alikuwa ameshuka, ameketi juu ya tairi na kitambaa mapajani.

Mwenye gari akaingia, mtu mnene mwenye kofia, amebeba taa za mbele kifuani kama mtoto mchanga. “Mbona kazi imesimama?”

“Muulize fundi.”

Kutoka chini ya gari kukasikika mnong’ono. “Nilimtuma mimi.”

“Hata hilo bati halijakusikia,” mwanamke akasema. “Toka.”

Akatoka, nywele zimejaa kutu. Akapangusa mikono kwenye suruali, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba leo maji yatakatika: “Jamani, lile gari la mtu wa mbao. Huyu hakusinzia. Nilimtuma vijiti. Aliyeunguza ni mimi.”

Cherehani ikanyamaza. Fundi viti akatoa pini mdomoni.

“Kwani hilo ni jipya? Si tulimwona akiingia getini na pakiti mkononi? Mtu aliyesinzia anatoka wapi na vijiti?”

“Labda alinunua ndotoni,” fundi rangi akasema nyuma ya nailoni. Wakacheka wote. Mwenye gari naye akacheka, hajui anacheka nini.

“Mlijua?” mwanamke akauliza.

“Siku ile ile, dada.”

“Na mkaniita Zimamoto.”

“Ah, utani tu huo! Halafu mambo ya mtu na mkewe, sisi tungeingilia wapi?” Akarudisha pini mdomoni, cherehani ikaendelea.

Mwanamke akangoja. Alidhani hasira itakuja, au machozi. Hakuna kilichokuja. Miaka yote aliamini ukweli umefungiwa kinywani mwa mtu mmoja, kumbe ulikuwa umelala pale uani mchana kweupe, kila mtu akiuruka kwenda kwenye shughuli zake.

Walipatana kwamba mwanamume akisema, yeye atakaa. Alikuwa amesema. Mwanamke akapanda garini, akaketi juu ya bomba, akachovya kitambaa.

Katikati ya kazi, moshi ulifuka pembeni ya mlango, kwenye lami ya zamani, kisha ukatoa ulimi mdogo wa moto wa njano. Akautazama kama mtu anavyotazama sufuria ya jirani. Chini, fundi aliendelea kuchoma; hakuona kitu. Mwanamke hakuwa na sababu ya kuuzima, wala hakuwa na sababu ya kuuacha. Mkono ukaenda wenyewe.

Mabomba yalipoondolewa, mwenye gari alifunga mlango, ukaingia mahali pake kwa mlio mmoja mdogo. Akaufungua akaufunga tena. “Mikono yako ina baraka, fundi!” Akamgeukia mwanamke. “Na wewe mama, pole kwa kukaa.”

“Asante.”

Fundi akamfuata mwanamke mpaka kwenye bomba la maji alikokuwa akinawa. Uso ulikuwa umemnyooka, kama aliyetua mzigo. “Umeona? Nimesema. Jumatatu kuna gari jingine, sakafu imeoza kuliko hii. Utakuja?”

“Mweke fundi viti akae ndani.”

“Fundi viti anajua nini habari za moto?”

“Anajua kila kitu,” akasema mwanamke. “Ila hasemi.”

Akakamua maji kwenye pindo la gauni, akatoka. Njiani alinunua nyanya. Muuzaji akamuuliza mbona leo amekawia, akamjibu kwamba alikuwa na kazi, imekwisha.