Kompresa Mpya ya Mwalimu Theodosia

Mwalimu Theodosia alipopita na gari lake mbele ya gereji bila kusimama, Rogasian alikuwa ameshainua mkono kumsalimia. Akaushusha taratibu, akaufuta kwenye ovaroli kana kwamba ndivyo alivyokusudia. Gari lilishuka mteremko wa Nyamiaga, likakata kona, likaingia kwa fundi Anuari.

Kwa miaka kumi na saba hakuna fundi mwingine ila Rogasian aliyewahi kugusa AC ya gari lile.

Ngara si nchi ya joto, na wageni hucheka wakisikia kuna mtu anaishi kwa kutengeneza AC huku. Wenyeji hawacheki. Asubuhi ya ukungu kioo cha mbele hujaa mvuke usione hata boneti yako, na kiangazi barabara ya Mugoma hutoa vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye meno. Mzee Gozbert, mume wa Mwalimu, ana pumu. Kila mwezi mkewe humleta kliniki kutoka Mugoma. Bila AC walikuwa na mawili: wafunge vioo waive, au wavifungue akohoe njia nzima.

Rogasian alikuwa mtu wa vipuri vya mtumba. Alivifuata mwenyewe Kahama na Mwanza, kwenye magari yaliyokatwakatwa. Kompresa, pampu inayosukuma gesi ya AC, aliizungusha kwanza kwa vidole, akisikiliza kama inakwaruza. Kisha akachovya kitambaa cheupe kwenye tundu lake. Oili ikitoka safi, anaichukua. Ikitoka nyeusi, anairudisha, hata muuzaji aape vipi.

Anuari alikuja miaka miwili iliyopita kutoka Biharamulo mjini, ambako babu yake, mtu wa pwani, alifungua duka la vitambaa zamani. Yeye aliuza vipuri vipya tu, ndani ya maboksi yao, na waranti ya miezi sita. Alikuwa kijana, mpole wa sauti, na jambo lililomuudhi Rogasian kuliko yote ni kwamba alikuwa fundi kweli.

"Kipya kinyemi, kingawa kidonda," Rogasian alizoea kusema wateja wakimsifu mwenzake. Alisema akicheka, lakini nyumbani hakuwa akila vizuri. Mkewe, Speciosa, alimwambia waziwazi, "Baba, hiyo ni roho ya kwa nini. Itakumaliza wewe kabla yake."

Siku ile Mwalimu alipompita, alivumilia mpaka saa nne. Kisha akatembea hadi kwa Anuari akisingizia anatafuta mkanda wa feni.

Boneti ilikuwa wazi. Kompresa mpya iling'aa mahali pake kama sufuria ya arusi. Rogasian akainama kuangalia zaidi, akaona kondensa, wavu wa mabomba unaopoza gesi, ni ileile ya zamani, na chujio ni lilelile. Majuma matatu nyuma alikuwa amelifungua gari hili mwenyewe, akakuta kompresa imejisaga na oili imejaa chenga za chuma. Alijua chenga zile zimeshasambaa mpaka kwenye kondensa, na zitaikaba kompresa yoyote mpya. Ndiyo maana alikuwa bado anatafuta Mwanza kondensa inayofaa, na ndiyo maana Mwalimu alichoka kungoja.

Anuari alijifuta mikono, akamsogelea.

"Kaka Rogasian, afadhali umekuja. Kompresa ya zamani nimeletewa imeshafunguliwa na kuoshwa, siwezi kuisoma. Wewe ndiye uliyeifungua. Kuna jambo nilijue kabla sijajaza gesi?"

Lilikuwa swali rahisi, la heshima, lililoulizwa mbele ya wateja wawili. Rogasian akalitazama lile duka, rafu zake, kioo chake.

"Hakuna," akasema. "Liko salama. Jaza tu."

Akaondoka bila mkanda.

Siku ya kumi na moja baada ya hapo Speciosa alirudi kutoka sokoni na habari. Gari la Mwalimu lilikwama kwenye mlima wa kutoka Mugoma. Kompresa mpya iligoma kuzunguka ghafla, mkanda ukaungua na kukatika, injini ikachemka. Mzee Gozbert alikaa kando ya barabara huku malori yakimpitia na vumbi lao, akikohoa hadi midomo ikabadilika rangi, mpaka mwenye pikapu ya ndizi alipowahurumia akamkimbiza hospitali.

"Yuko hai?" Rogasian aliuliza.

"Yuko hai. Wamemlaza."

Nitasema ukweli, kwa sababu mwenyewe aliusema baadaye: kabla ya huruma, alisikia furaha. Ilikuwa fupi, lakini aliionja.

Gari lilivutwa hadi kwake. Mwalimu Theodosia, ambaye alimfundisha hesabu darasa la nne, alisimama mlangoni pa gereji.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nilikuacha kwa sababu ya kipya, Rogasian. Nimekosa. Unisamehe."

Maneno hayo ndiyo aliyokuwa akiyaota miaka miwili. Yalipokuja, hakupata mahali pa kuyaweka. Akainua boneti, akaanza kuifungua kompresa iliyokufa.

Kesho yake Anuari akaja, amebeba boksi. Mwalimu alikuwa amempelekea kompresa iliyokufa, naye alikuwa ameshaikagua.

"Imekabwa na chenga kutoka kwenye kondensa," alimwambia Mwalimu. "Kosa ni langu. Nilipaswa kupasua bomba nione kwa macho yangu, si kuulizauliza. Hii ni nyingine mpya, nitaifunga mimi."

Hakumtaja Rogasian. Hakumtazama hata. Na hapo wivu ukamchoma Rogasian kuliko siku zote, kwani sasa aliona si duka wala rafu. Yule kijana alikuwa na moyo ambao yeye hakuwa nao.

"Usibebe lisilo lako," akasema. "Uliniuliza. Nilijua chenga zipo, nikakwambia hakuna. Mwalimu, nilitaka kazi yake iharibike."

Mwalimu alimgeukia.

"Ulijua gari hilo linambeba nani?"

"Nilijua."

Hakumtukana. Alivuta kigoda, akakiweka mbele ya boneti, akaketi. "Haya. Fungeni wote wawili, mimi nikiona."

Walifanya kazi bega kwa bega. Kompresa ilikuwa mpya, ya Anuari. Kondensa mpya ya gari la umri ule haikupatikana kokote, kwa hiyo ikawa ya mtumba, ile aliyoipata Rogasian hatimaye. Walichovya kitambaa cheupe kikatoka cheupe, wakaijaza upepo na kuizamisha ndani ya maji, haikutoa hata povu. Chujio wakaweka jipya. Mabomba wakayaosha mara tatu.

Mzee Gozbert alitoka hospitali juma lile. Mwalimu bado huleta gari kwa Rogasian, lakini hamwachii tena ufunguo. Hukaa kwenye kigoda mpaka kazi iishe. Anuari naye akipata wateja wanaotafuta vipuri vya mtumba, huwaelekeza kwake.

"Wivu umeisha?" Speciosa alimuuliza mumewe siku moja akimenya viazi.

Rogasian akaketi kando yake.

"Haujaisha," akasema. "Ila siku hizi nikiulizwa, najibu kweli."

Speciosa akamsogezea kisu na nusu ya viazi.