Kabla Hajalala

Mzee Matar wa Chang'ombe alijifunza Kiingereza peke yake, nyuma ya kaunta ya duka lake, kwa kusoma maboksi ya sabuni na magazeti ya kufungia vitumbua. Kilimtosha miaka yote, hadi mwanawe Walid alipooa Maskati. Mkamwana, Lujain, Kiswahili hajui. Naye Matar, ingawa asili yake ni Mmanga, Kiarabu chake kinaishia kwenye msala. Basi wakawa wanaandikiana Kiingereza kwenye simu, na kila Ijumaa Lujain anampigia kwa picha.

Kila akipiga, mjukuu, Hudhaifa, amelala. Ijumaa za mwanzo Matar alivumilia. Baadaye uvumilivu ukamwishia.

"Wananificha mtoto," alimwambia bintiye Khulud. "Zamani mtoto wa mtaa huu hapiti mlangoni kwangu bila shikamoo. King'ora cha kiwanda kikilia jioni, baraza hili limejaa watoto, wa Kizaramo, wa Kiarabu, wote wangu. Leo wa damu yangu naonyeshwa unyayo tu, umechomoza kwenye shuka!"

"Kwani baba ulimwambia apige wakati gani?"

"Namwandikia kila wiki, tena wazi. Soma mwenyewe."

Khulud akasoma: "Call me before he has not slept." Akaziba mdomo, kicheko kikamtokea puani.

"Unachekea nini? Kabla hajalala. Kabla ni 'before', hajalala ni 'has not slept'. Kosa liko wapi?"

"Baba, 'before' ya Waingereza haitaki 'not'. Wao husema 'before he sleeps', basi. Ile 'not' yako imempoteza mwenzio, kaelewa kwamba usipigiwe simu mpaka mtoto alale. 'Before' umeigeuza 'after'! Maskini wifi yangu, anahangaika kumbembeleza mtoto alale upesi ili akupigie wewe."

Mzee alitaka kumtukana Mwingereza. Lugha gani hii, mtoto hajalala nawe unasema 'he sleeps' kama ameshalala? Kiswahili angalau kina adabu: kitu kisichokuwa bado, husema hakijawa. Lakini akamkumbuka Lujain akinong'ona kwenye simu, akimwonyesha ule unyayo kama mtu anayetoa zawadi. Haya zikamshika.

Akaandika upya, herufi mojamoja: "Call me before he sleeps."

Ijumaa simu ililia jua halijazama. Uso wa Hudhaifa ulijaa kioo kizima, mashavu yamevimba wali. Maneno yote aliyoyaandaa mzee yakayeyuka.

"Sema shikamoo," alisema.

Mtoto akamtazama mama yake, akarudi kwenye kioo, akatafuna, akameza.

"Sema shikamoo," akajibu, neno kwa neno.

Khulud akaangua kicheko. Mzee Matar akaisogeza simu karibu na uso.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema. "Marahaba."