Posa yangu ilivunjwa kwa jembe la hospitali ili baba mkwe apate kukojoa

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Kasulu. Kama kuna neno nimeongeza, mvua isinyeshe kwenye maharage yangu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, na sababu mtaiona mwishoni.

Nianze na walichosema watu.

Nilipokuwa Dar nabeba zege mchana na kusoma jioni, kwetu Heru Juu walisema nitarudi na earphone shingoni na kikohozi. Nikarudi na diploma ya utabibu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Wakasema diploma ni kibali cha kuchoma sindano tu.

Mzee Bukuru ndiye aliyefunga kazi. Alinisema mbele ya watu, tumetoka ibadani, kwamba mtu wa aina yangu hawezi kuoa kwake, na kwamba hata mbuzi wake akiugua hamleti kwangu.

Mzee Bukuru ni baba yake Edina. Edina ndiye niliyekuwa namtaka. Shikeni hapo.

Basi akaja Kasulu daktari mmoja, tumwite Dokta Ombeni. Alikuwa anasomea ubingwa wa mfumo wa mkojo na afya ya uzazi ya wanaume, na ubingwa huo humalizi bila kufanya utafiti. Wake ulikuwa huu: kwa nini wanaume wa huku hawafiki hospitali mpaka tezi dume imeziba njia kabisa.

Alitaka watu wawili wa kumsaidia kuhoji, mmoja Kasulu na mmoja Kibondo. Wa Kasulu alimchagua nani? Mnaye hapa.

Akaninoa pia kwenye kuweka mpira wa mkojo, ule unaopitishwa hadi kwenye kibofu mkojo ukigoma. Wakuu, mkono wangu ni mwepesi. Dokta mwenyewe alisema, na yeye si mtu wa kusifia.

Maswali yenyewe yalikuwa ya wazi. Unaamka usiku kukojoa? Mkojo unakatikakatika? Unajikamua? Halafu yale ya chumbani, ambayo unayasoma huku unaangalia paa.

Nikazunguka Heru Juu, nikashuka hadi Kitanga, bodaboda na mguu. Nilihoji wanaume wengi kuliko mwenzangu wa Kibondo. Majibu yakawa mazuri mno. Wote wazima.

Mzee ana mkongojo, kuna kijia kimechongeka kutoka mlango wa nyuma mpaka migombani kwa kwenda na kurudi, lakini anakwambia akilala hageuki hata ubavu. Upande wa chumbani ndiyo usiseme. Kwa data yangu, wanaume wa Heru Juu walikuwa wa kupelekwa maonyesho ya Nane Nane.

Mzee Bukuru naye nilimhoji. Wakati huo posa ilikuwa imepokelewa, kwa sababu Edina alimwambia baba yake achague, mimi au utawa. Tulipeleka pombe ya ndizi na jembe, kama desturi yetu Waha. Mzee alilipokea lile jembe kama mtu anayepokea samansi.

Nikamsomea maswali.

"Andika hapana," akasema. "Hilo nalo hapana. Hilo la chumbani kamuulize baba yako."

Dokta Ombeni alizipitia fomu zangu, akakuna kidevu. "Kaka, hawa watu huwa wanakunywa maji kweli?"

Nikajua ni wivu. Wivu upo hata kwa mabingwa.

Sasa, siku moja ya gulio, Dokta amekwenda Nduta, kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi, kuhoji wanaume wa kule. Bodaboda ikaingia hospitalini, mimi niko zamu. Katikati yuko Mzee Bukuru, hajakaa, amejiinua juu ya vikanyagio huku amemshika dereva mabega. Barabara ya kwetu mnaijua. Nyuma yake yuko mdogo wake, Gervas, yule yule aliyekuwa msemaji wa familia siku ya posa.

Mkojo umegoma tangu jana yake. Tumbo chini ya kitovu limekaza kama ngoma.

Hapa wakuu si pa kucheka. Mkojo ukikaa hivyo unarudi kwenye figo, na figo zikifa mtu anaondoka.

Nikavaa glavu. Mzee akashika mkanda wake kwa mikono miwili.

"Nani mwingine yupo?"

"Tabibu mwenzangu yuko likizo, mzee. Yupo Sista Anjela."

"Anjela anaimba kwenye kwaya yangu. Jumapili nitasimamaje mbele yake nimpe sauti?"

"Basi ni mimi."

"Wewe ni mkwe."

Kwa wasiojua: kwetu mkwe hamwoni baba mkwe akiwa hana nguo. Hata kumpita karibu sana unajikunyata. Akimwona, hiyo ndoa imeshaingia nuksi kabla haijafungwa.

Mzee akauma meno mpaka wimbi la maumivu likapita. "Ukiniona, Edina humuoi. Usiponiona, nakufa. Haya msomi, chagua."

Mimi nimefaulu mitihani mingi, lakini swali hili hatukufundishwa.

Gervas ndiye aliyezungumza. "Tuvunje posa."

"Tuvunje nini?" nikamuuliza.

"Posa. Tukikurudishia jembe, wewe si mkwe tena. Unabaki daktari. Daktari anaona watu kila siku."

Mzee akafumbua jicho moja. "Ego, ndiyo hivyo. Jembe liko wapi?"

Jembe lilikuwa kwa Edina, na Edina alikuwa shambani anapalilia kwa jembe hilo hilo. Gervas akampigia simu, akamweleza yote, na simu yake ina sauti kubwa kiasi kwamba wodi nzima ilishiriki. Edina akajibu papo hapo.

"Baba mdogo, kutoka huku mpaka huko baba atapasuka. Jembe ni jembe. Tafuteni lililo karibu."

Mnaona kwa nini nilimtaka huyu mwanamke.

Nje ya dirisha mtunza bustani wa hospitali alikuwa anapiga matuta. Gervas akatoka mbio, akarudi na jembe lina tope. Akavua kofia, akasimama katikati ya vitanda, akatangaza kwa Kiha, taratibu, kama mtu asiye na mgonjwa, kwamba ukoo wao unarudisha jembe na kuanzia saa hiyo hawanifahamu.

"Fupisha," mzee akanong'ona.

Nikalipokea kwa mikono miwili. Edina akanitoka hivi hivi, mbele ya mgonjwa wa hernia. Nikaliegemeza jembe kwenye kona, nikanawa, nikavaa glavu mpya, maana diploma ni diploma.

"Mimi ni nani?" nikamuuliza mzee, tusije tukagombana baadaye.

"Daktari. Fanya haraka."

Mkono mwepesi, wakuu. Sitaeleza zaidi. Mfuko wa kwanza ukajaa, nikaweka wa pili. Mzee alikuwa ameangalia dari, machozi yanamshukia masikioni.

"Asante sana, mwanangu." Halafu akakumbuka. "Daktari."

Nikachukua jembe nikamkabidhi Gervas. "Haya, baba mdogo. Turudishe posa."

Mzee sauti ilikuwa imeshamrudia. "Posa gani? Kijana, mimi sikufahamu. Ukitaka binti wa watu, lete wazee wako wapige hodi."

"Na mje na jembe jipya," Gervas akaongeza. "Hili lina kutu."

Mtunza bustani alikuwa mlangoni. "Hilo lenye kutu ni langu."

Dokta aliporudi alimhoji mzee upya, na safari hii kila jibu likawa ndiyo. Akamuuliza kwa nini mwanzo alisema hapana.

"Nimwambie mkwe wangu kwamba najikamua?"

Dokta akaniangalia. Tukachukua zile fomu zangu. Kila niliyemhoji alikuwa mjomba, jirani, mzee wa kanisa au baba wa mtu niliyesoma naye. Utafiti uliorodhesha sababu za wanaume kuchelewa: umbali, nauli, woga wa kisu. Sababu ya kwetu haikuwemo, nayo ni kwamba anayekusubiri hospitalini ni mtu wenu.

Tukabadilishana. Mimi nikaenda Kibondo, wasikonijua hata kwa sura, na mwenzangu akapanda Heru Juu. Wakuu, watu walifunguka. Wale wale wa Nane Nane walimweleza mambo mpaka akaomba maji ya kunywa. Dokta akaiingiza sababu hiyo kwenye utafiti wake, walimu wake wakampitisha, sasa ni bingwa. Anasema tuligundua pamoja. Mimi nasema jembe nililipokea peke yangu.

Mzee alipelekwa hospitali kubwa, akafanyiwa upasuaji na watu asiowajua. Sasa analala mpaka jogoo anamwita.

Posa ya pili nilipeleka, na wazee, na jembe linalong'aa. Siku ya harusi nilimlipa kila aliyeniazima: mtunza bustani alipata jembe jipya, mwenzangu wa Kibondo akarudishiwa suti yake niliyoendea posa, imepigwa pasi. Wale walionikopesha dharau niliwakalisha viti vya mbele.

Nikasubiri hotuba ya Mzee Bukuru, ili Heru Juu nzima wasikie nani alimwokoa. Akasimama na kipaza sauti.

"Mwaka huu niliugua nikaponywa na daktari mmoja. Sura yake nimeisahau kabisa. Anayemjua amwambie ana mkono mzuri."

Ukumbi ukapiga makofi. Nikapiga na mimi. Mtu kama mimi, wakuu, nampigia makofi daktari asiyejulikana.

Ndiyo maana nimekuja kusemea humu.

Funzo: mwanaume, mkojo ukianza kusumbua, nenda hospitali mapema. Kama mhudumu ni mkweo, panda gari uende wilaya ya pili, hakuna atakayekuuliza. Kwenu mambo haya mnayatatuaje? Semeni, nasoma kila neno.

Na mzee, kama kuna mjukuu anakusomea uzi huu: sikuona kitu.