Maji ya Kupeleka Kisiwani

Nikifungua dumu lililokaa na maji siku nyingi, ile harufu yake hunirudisha kijijini kwetu Myamba, asubuhi mama alipokuwa akifunga mizigo. Alikuwa nesi, na kazi alikuwa amepangiwa kisiwani, mbali na pwani.

Sisi watu wa milimani tulijua jambo moja tu kuhusu kisiwa: kimezungukwa na maji ya chumvi. Kwa hiyo bibi hakuhangaika na nguo. Alfajiri alikwenda chemchemini, akarudi na dumu limejaa, mdomo ameuziba kwa gunzi la mahindi.

"Mama, huko kuna visima," mama alimwambia.

"Kisima katikati ya bahari? Utakunywa nini, mwanangu?"

Mama akaendelea kukunja chandarua. Mimi nilishika upindo wa kitenge chake, maana mimi sikuwa miongoni mwa vitu vya kwenda.

Tulimsindikiza hadi stendi ya Same. Kondakta alilitazama dumu akatikisa kichwa.

"Bibi, hili linavuja. Litalowesha mizigo ya watu."

Bibi alimsihi mpaka sauti ikamkauka. Basi likaondoka na mama, dumu likabaki na sisi.

Tulipanda nalo mlimani. Bibi akalisukuma uvunguni mwa kitanda chake. Kiangazi kilipokuja, chemchemi ikakauka, na maji ya dumuni yalikuwa yameshaota ukijani. Niliomba niyatumie kumwagilia mchicha.

"Usiyaguse," bibi alisema. "Ya mama yako hayo."