Safari ya Seloni kwa Mke wa Meja

Gari la jeshi lilipoingia uwanja wa shule, watoto wa darasa la sita waligeukia dirishani, na mimi nikajua kipindi kimekwisha. Miaka ile ya utawala wa kijeshi, gari la namna ile likikufuata hukuuliza kwa nini. Nilivua saa yangu nikampa mwalimu mwenzangu aipeleke kwetu. Mwalimu mkuu alinisindikiza hadi mlangoni akiangalia viatu vyake.

"Wewe ndiyo mwalimu ya jiografia?" dereva aliuliza.

"Ndiyo."

"Panda. Mama anakuita Koboko."

Kutoka Arua hadi Koboko nilikuwa nawaza nani amenisingizia nini. Lakini nilipoingizwa uani na kumwona mwanamke aliyeketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha mbele, magoti yamevimba, hofu ilinitoka na hasira ikachukua nafasi yake. Nilimjua. Mwaka uliotangulia, Wahindi walipofukuzwa nchini, mumewe, ambaye alikuwa meja, alipewa duka moja mjini Arua, na huyu mama alikuja mwenyewe kulitazama. Mama yangu alikuwa akishona nguo kwenye baraza ya duka lile tangu mimi sijaanza shule. Alifukuzwa siku hiyohiyo, mimi nikiwapo, gauni la ubatizo la mtoto wa watu likiwa bado nusu. Alifunga cherehani kwenye baiskeli, akarudi nayo kijijini kwetu Aroi, na tangu hapo kazi yake ikawa kupalilia mihogo.

"Mimi nataka kwenda Seloni," mke wa meja alianza, bila salamu. "Watu ya Kampala walileta mpango. Wameweka bahari, bahari, bahari. Mimi nitafanya nini na bahari? Wewe unafundisha nchi za mbali. Panga safari yangu. Yangu mimi."

"Siku hizi inaitwa Sri Lanka, Mama."

"Mimi nasema Seloni. Baba yangu alisema Seloni."

Baba yake, kama wazee wengi wa Kinubi, alikuwa askari wa Mwingereza. Wakati wa vita vya Burma kikosi chao kilipiga kambi kwanza kwenye kisiwa kile, na huko aliona mlima uliochongoka kama mkuki. Aliambiwa kwamba Baba Adamu aliposhushwa kutoka peponi alikanyaga pale, na unyayo wake uko juu ya jiwe hadi leo. Mzee alisimulia habari za mlima huo mpaka siku ya kufa kwake. Sasa binti yake alikuwa na mume mwenye cheo, naye alitaka kuuona kwa macho.

Nilimwuliza kama ananikumbuka.

"Nakumbuka mama yako. Alinitukana kwa Kilugbara, akafikiri mimi sisikii."

"Alikutukana baada ya kutupwa nje."

"Baraza ilikuwa yangu."

"Ilikuwa ya Mhindi."

Dereva aliyekuwa mlangoni alikohoa. Mwanamke alivuta nguo kufunika magoti. "Mwalimu, kama mimi sina kazi na wewe, leo haungerudi Arua."

Basi nikakubali. Asije mtu akaniambia leo kwamba ningeweza kukataa.

Pale Arua alikuwako mwalimu wa hesabu aliyezaliwa katika kisiwa hichohicho, mtu mwembamba aliyebaki peke yake katika nyumba ya shule baada ya wenzake wa kwao kuondoka pamoja na Wahindi. Nilipomweleza nimekuja kwa ajili ya nani, alitaka kufunga mlango. "Wewe unataka nimwonyeshe mke wa askari njia ya kwetu?" Nikamwambia kama hatanisaidia, nitakayepata taabu ni mimi. Akanipisha, bado amekunja uso. Alipoanza kueleza, hakuweza tena kujizuia. Alipanga vikombe mezani kuwa milima, akachora mito kwa chai iliyomwagika. Alinieleza maziwa yaliyochimbwa na wafalme wa zamani, mji wa kale wa Anuradhapura ambako nguzo za mawe zimesimama bila nyumba, na jabali la Sigiria ambalo kileleni mwake mfalme mmoja alijenga jumba lake. Alinieleza treni inayopanda polepole kati ya mashamba ya majani ya chai hadi penye baridi. Nilitoka kwake nimekipenda kisiwa kile, na nikazidi kumchukia yule mama, kwa kuwa atakayekwenda ni yeye.

Nilipelekwa Koboko mara kadhaa. Hatukuwahi kukaa bila kugombana. Nilipomtajia Sigiria aliuliza, "Iko ngazi?"

"Nyingi."

"Toa."

Nilipotaja masanamu ya Buda alisema toa. Nilipotaja gari la kukodi alisema barabara itamuumiza magoti. Kisha tukafika kwenye mlima wenyewe, nikamwambia ukweli kwamba watu huupanda kwa ngazi za mawe usiku kucha ili wafike juu alfajiri. Nilimwona akitazama miguu yake, na furaha mbaya ikanipanda kifuani.

Lakini yule mwalimu wa hesabu alikuwa ameniambia kwamba kuna nyumba ya wageni katika mashamba ya chai iliyoelekea mlima, na katika miezi ya kiangazi ukiamka asubuhi unauona wote ukiwa kitandani. Nilimwambia. Kwa huruma? Hapana. Sikutaka aseme kwamba binti wa fundi cherehani hajui kazi. Tangu hapo nikaipima kila siku ya safari ile kwa magoti yake. Treni badala ya gari. Siku nzima ya kupumzika kila baada ya mwendo. Vyumba vya chini tu. Samaki bila pilipili, kwa sababu ya tumbo lake, na nyumba ambazo wapishi wake ni Waislamu. Sehemu za baridi, kwani joto lilimvimbisha miguu. Siku moja alinisukumia sahani ya nyama iliyobaki. Nikasema nimeshiba, ingawa sikuwa nimekula tangu jana yake.

Nilipomaliza, meja mwenyewe alikuja kusikiliza. Alicheka, akasema, "Safi sana, Mwalimu," akazikunja karatasi nilizoandika mpango akaziweka mfukoni mwa shati. Mwezi haukuisha habari ikawa imeenea soko zima la Arua: meja ameruka kwenda Seloni na mke mpya, msichana aliyemwoa Kampala.

Huyu wa Koboko alikuja shuleni mchana, akaingia darasani bila kubisha, fimbo mkononi. Watoto walisimama kumsalimu, hakuwajibu.

"Ulijua!" alinipigia kelele. "Wewe na yeye mulipanga pamoja, municheke!"

"Sikujua, Mama."

"Mwongo! Mutu ya Aroi, mwongo kama mama yako!"

Hapo woga wote ulinitoka. "Ningempangia msichana wa Kampala," nilisema, "ningeweka bahari."

Fimbo aliyokuwa ameinua ilibaki hewani. "Bahari," alirudia. Kisha akageuka, akatoka, na sikuweza kufundisha tena siku ile.

Yaliyompata meja huko nilisimuliwa na dereva wake, ambaye aliwapokea Entebe. Meja hakuwa mtu wa kupanga kitu; aliifuata ile safari kama amri ya kambini. Yule msichana, ambaye alikuwa amenunua nguo za kuogelea, alikalishwa ndani ya treni ya taratibu, akapelekwa kwenye baridi, akalishwa samaki wasio na ladha, akapumzishwa siku nzima kila baada ya mwendo hata kama hajachoka. Kule kwenye nyumba ya mashamba ya chai alilia. Waligombana njia nzima ya kurudi, na kutoka uwanja wa ndege alikwenda kwa wazazi wake moja kwa moja.

Meja aliniita dukani kwake. "Nilitaka likizo," alisema, "wewe umenipeleka hospitali."

"Niliambiwa safari ni ya Mama, Afande."

"Shukuru Mungu naona aibu kueleza watu kosa lako."

Wiki iliyofuata nilihamishiwa Adumi, kwenye shule yenye madarasa mawili na paa moja. Nilikwenda kwa miguu, godoro kichwani.

Nilikuwa huko tayari nimepanda maharage yangu mwenyewe, mke wa meja alipotokea siku ya soko. Alishuka garini kwa shida, akaja akajikalisha kwenye gogo karibu na wauza muhogo, ambapo nilikuwa nimesimama.

"Wamekutupa huku."

"Mumeo amenitupa."

"Usifikiri nimekuja kusema asante."

"Sijafikiri."

Alichora mchanga kwa ncha ya fimbo. "Yeye anasema aliona ile mlima. Namuuliza iko namna gani, anasema iko mlima tu. Wewe niambie."

Sikuketi. Nilimsimulia nikiwa wima, kama ninavyofundisha. Nikamwambia kwamba jua likichomoza kivuli cha mlima hulala juu ya mawingu, chenye pembe tatu, kisha hujikunja kurudi chini. Nikamwambia kuna minyororo ya chuma kwenye mwamba ambayo mahujaji wa zamani waliishikilia wakipanda, na Waislamu walikuwa miongoni mwao. Nikamwambia vipepeo hupanda makundi kwa makundi, na wenyeji husema nao wanakwenda kuzuru.

"Baba hakusema vipepeo."

"Baba yako aliuona kutoka kambini."

"Baba yangu hakukosa kitu!"

"Basi usiniulize mimi."

Aliinuka kwa hasira, akakataa mkono niliomnyooshea, akaenda zake garini akichechemea. Wauza muhogo waliniuliza yule ni ndugu yangu gani. Nikawaambia ni adui yangu, wakacheka, wakidhani natania.

Miaka michache baadaye, vita vya kuuangusha utawala ule wa kijeshi vilipotufikia, wengi wa Koboko walivuka kuingia Sudan, nami na mama yangu tukavuka kuingia Zaire na vyombo tulivyoweza kubeba. Sikumwona tena, wala sikuuliza mtu habari zake.