Bibi Harusi wa Ngazi Mbili

Vatsala hakuwa mtu wa kucheka kidogo. Kicheko chake kilianzia tumboni, kikapanda mabegani, kikamlegeza magoti, na kama alikuwa amesimama ilibidi atafute ukuta. Pale Kolhapur, nje ya hekalu la Mama Mahalakshmi, alipofuma mashada ya maua miaka thelathini na sita, wanunuzi wenye haraka walionyana: usimchekeshe huyo mama, uzi utamponyoka na maua yataishia mferejini.

Kicheko hichohicho ndicho kilichomponza siku ya nne ya ndoa yake.

Kwao, maharusi hupelekwa Jejuri, kilimani kwa Khandoba, ili mungu wa ukoo awaone. Pale chini ya kilima mume humnyanyua mkewe mikononi akapanda naye ngazi tano. Tano tu. Zilizobaki, na ni nyingi, kila mtu na miguu yake. Mwaka ule wa 1954 Vatsala alikuwa na miaka kumi na minane, mwembamba kama uzi wa asumini. Bhaskarrao mumewe, fundi cherehani, alikuwa mwembamba kuliko yeye. Akamnyanyua. Moja. Mbili. Hapo Vatsala akatazama juu, akayaona masharubu mapya ya mumewe yakitetemeka kama kiwavi aliyepotea njia. Akacheka. Bhaskarrao, kwa kuona anachekwa, akacheka naye. Wakaporomoka wote wawili mbele ya ukoo mzima. Mama mkwe akajifunika uso kwa ncha ya sari, akasema basi, twendeni, tumeaibika vya kutosha.

Tangu siku hiyo wifi yake, Champutai, dada mkubwa wa Bhaskarrao, alimpa jina: Bibi Harusi wa Ngazi Mbili. Kwenye harusi ya jirani, jina hilo. Kwenye kumpa mtoto jina, jina hilo. Chumvi ikizidi kwenye dengu, Champutai huwageukia wageni: "Mnashangaa nini? Huyu hata ndoa yake hakuimaliza." Yeye mwenyewe, kwa maelezo yake, alibebwa na mumewe Anantrao ngazi kumi na moja, na angefikishwa mpaka mlangoni kwa Khandoba kama watu wasingeanza kuona kijicho.

Miaka arobaini na miwili Vatsala aliyacheka maneno hayo. Angefanya nini tena? Lakini kila alipofuma shada la harusi ya mtu, mkono ulisimama kidogo, akajiuliza kimoyomoyo kama yeye ameolewa sawasawa. Hilo hakumwambia mtu.

Basi mwaka wa 1996 kikundi cha akina mama wa mtaa kikakodi basi la siku nane, na waume wakaruhusiwa. Mahabaleshwar kwenye baridi, Lonavala, Mumbai, Nashik kuoga mtoni, Pune, na mwisho kabisa Jejuri. Vatsala alisoma karatasi ya safari mara tatu, akaenda dukani kwa mumewe.

"Baba Shirish," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, maana jina la mume si la kutajwa ovyo na mwanamke wa rika lake, "Jejuri imo."

"Nimeona."

"Zile tatu nazitaka."

Bhaskarrao alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Kisha akamtazama mkewe kutoka juu mpaka chini, na macho yake yalichukua muda kufika, kwa sababu Vatsala hakuwa tena uzi wa asumini.

"Utazipata," akasema.

Mahabaleshwar iliwapokea kwa ukungu na nyani. Kila kibanda kiliuza stroberi zilizozamishwa kwenye malai, na basi zima likashuka kula, masharubu ya wazee yakawa meupe mara ya pili. Vatsala alisimama kando, mikono nyuma.

"Huli, wifi?" Champutai aliuliza, kijiko mdomoni.

"Tumbo."

"Tumbo! Hilo tumbo lina nini cha kulalamikia? Limewahi kunyimwa?"

Vatsala alimeza mate. Alikuwa amejipangia: siku nane, chai na ndizi, ashuke Jejuri mwepesi. Lonavala akazipita kashata za karanga akiwa amefumba macho, mwenzake akimshika mkono kama kipofu. Mumbai, ufukweni, muuzaji aliyekuwa akikaanga viazi kwa unga wa dengu alimwonea huruma jinsi alivyokuwa akivuta harufu, akamwambia, "Mama, kunusa ni bure, lakini unanimalizia." Siku ya nne kichwa kilikuwa chepesi kama puto. Majengo ya Mumbai yalimzunguka kama wanaocheza ngoma, naye akayaona mazuri mno, akayapungia mkono.

Wakati huo huo Bhaskarrao alikuwa akipotea. Kila kulipopambazuka kitanda chake kilikuwa kitupu. Akirudi, shati limeloa jasho, naye ananuka vitunguu.

"Ulikuwa wapi, Baba Shirish?"

"Kutazama mandhari."

"Mandhari gani yana vitunguu?"

"Ya milimani," alijibu, akageukia ukutani.

Siri ilipasuka Nashik. Basi lilibeba mpishi wake, Dagdu, kwa sababu hakuna mtu wa Kolhapur atakayeamini pilipili ya mji mwingine. Dagdu alikuwa ameshagundua kwamba kila asubuhi gunia lake la vitunguu si mahali alipoliacha. Asubuhi ile, wanawake wakiwa wanarudi kutoka kuoga kwenye mto Godavari, wakasikia kelele kwenye nyumba ya wageni: "Mwizi! Mwizi wa vitunguu! Nimemshika!"

Wakakimbia na nywele zao mbichi. Kwenye ngazi alisimama Bhaskarrao, miaka sitini na mitatu, miguu kama mianzi miwili, amelipakata gunia mikononi kama mtoto mchanga. Dagdu amemshika ukosi.

"Mzee wangu, wewe? Mtu mzima na heshima zako?"

"Siibi. Napanda nalo, nashuka nalo."

"Unalipeleka wapi?"

"Ngazi ya tano."

Watu wakatazamana. Vatsala peke yake ndiye aliyeelewa, na kicheko kilipomjia, kilimjia chote: alishika nguzo ya veranda, nguzo haikutosha, akakaa chini.

"Cheka tu," alisema Bhaskarrao kwa uchungu. "Siku ya kwanza nilifika ya pili. Leo nimefika ya tano mara mbili. Mara mbili!"

"Na mimi sijala tangu Mahabaleshwar," alisema Vatsala akifuta machozi, "ili nikupunguzie."

Bhaskarrao akaliweka gunia chini. "Hujala? Siku tano? Mwanamke, unataka kuniua?"

"Nataka niwe mwepesi!"

"Muulize huyu. Dagdu! Gunia lililojaa na lililo nusu, lipi gumu kubeba?"

"La nusu," alisema Dagdu bila kufikiri. "Lililojaa linatulia. La nusu linakwenda linakotaka."

"Umesikia? Nenda ukale."

Vatsala hakungoja kuambiwa tena. Alikula mikate ya mtama na pilipili ya kusaga, akala wali na kilichofuata wali. Pune alikula chapati tamu za dengu na sukari guru zinazotiririka samli, nane, na ya tisa akaimaliza amesimama wakati dereva akipiga honi. Rangi ilimrudi. Wanawake wote wa basi wakawa upande wake, wanampigia makofi kila chapati. Basi liliyumba kwa nyimbo.

Champutai alingoja wanyamaze, ndipo akasema taratibu, kama anayetia chumvi: "Mdogo wangu, umejifunza kubeba vitunguu. Hongera. Lakini vitunguu havicheki."

Ilikuwa kweli. Vatsala aliegemea dirisha akaanza kujizoeza huzuni. Aliwaza mazishi ya mama mkwe. Akamkumbuka kuhani aliyekanyaga ncha ya nguo yake mwenyewe, akabana midomo. Aliwaza ukame wa mwaka ule mbaya. Akakumbuka jinsi jirani alivyoficha ndoo ya maji chini ya kitanda kisha usiku akatumbukiza mguu ndani yake. Mpaka Jejuri ilipoonekana, hakuwa amepata huzuni hata moja iliyosimama imara.

Siku hiyo kilima kilikuwa cha dhahabu. Watu walirusha manjano kwa viganja, ngazi zilikuwa za manjano, mbuzi walikuwa wa manjano, hewa yenyewe ungeipikia mchuzi. Ngoma zinalia, na kila kona sauti moja ya kumsifu Khandoba: "Yelkot, yelkot, jai Malhar!" Maharusi wa kweli walipanga foleni, vijana wenye mashingo manene, wakinyanyua wasichana wao kama vikapu. Nyuma yao wakasimama Bhaskarrao na Vatsala.

"Jina kwanza!" wakapiga kelele wanawake wa basi. "Harusi haiwi bila jina la bwana!"

Ndiyo desturi: mwanamke hulitaja jina la mumewe kwa shairi, na ni siku chache maishani anapolitaja. Vatsala alifunga ncha ya sari kiunoni, akatoa sauti iliyowanyamazisha hata wapiga ngoma:

"Jejuri imevaa dhahabu, waje wenye macho yao;
miaka arobaini na miwili nangoja, ninyanyue, Bhaskarrao!"

Vigelegele vilipasua hewa. Bhaskarrao akainama, akatia mkono mmoja mgongoni na mwingine nyuma ya magoti, akavuta pumzi. Vatsala akaondoka ardhini. Watu waliapa baadaye kwamba hata yeye mzee alishangaa.

Champutai alikwishajiweka pembeni mwa ngazi, kidole juu, msimamizi asiye na huruma. "Moja!" Mguu ukapanda. "Mbili!" Ukapanda, na wote wakashika roho zao. Vatsala alikazia macho mawingu.

"Tatu!" Sauti ya Champutai ilipungua kidogo.

Kabla ya ngazi ya nne mtu akarusha kiganja kizima cha manjano, kikampata Bhaskarrao usoni. Miwani ikafunikwa.

"Sioni," alisema.

"Panda tu. Mguu wa kulia. Hapo!"

"Nne!"

Kijana mmoja akawapita mbio na mkewe mikononi, akasema akitweta, "Shikamoo babu!" Bhaskarrao, kwa adabu zake, akatikisa kichwa kuitikia. Miwani ikamteleza mpaka ncha ya pua, na Vatsala aliyekuwa akitazama mawingu akashusha macho kwa bahati mbaya: uso wote wa manjano, na katikati duara mbili safi, na ndani ya duara macho mawili yaliyoduwaa.

"Usicheke," akasema Bhaskarrao.

"Sicheki."

"Unacheka! Naisikia mikononi!"

"Si mimi, ni tumbo—"

Kikaja. Kilianza chini kama kawaida yake, kikamtikisa yeye, kikamtikisa aliyembeba. Magoti ya Bhaskarrao yakaanza kucheza. Mbele hawezi, chini hataki. Basi akafanya ambalo hakuna gunia lililomfundisha: akageuka, akaupa mgongo mlima, akamkumbatia mkewe kwa nguvu zote, akajiachia kukaa kinyumenyume. Pu! Ngazi ya tano. Vatsala yumo mapajani, miguu yake miwili hewani na viatu vyake vinaning'inia vidoleni, wote wawili wanacheka mpaka sauti hazitoki.

"Si halali!" alilia Champutai. "Hakukanyaga! Amekalia!"

"Wifi," alisema Vatsala alipopata pumzi, "miguu yangu imegusa wapi?"

Champutai akaitazama. Haikuwa imegusa popote.

"Tuko ngazi ya ngapi?"

Champutai akazihesabu ngazi upya kwa macho.

"Haya, wewe mwenye kumi na moja, tuamulie. Shemeji Anantrao alipokubeba alikukalisha wapi?"

Wote wakamgeukia Anantrao, mzee mnene aliyesimama chini kabisa na fimbo yake, akila karanga. Hakuwa amesikia mjadala, alisikia swali tu.

"Mimi?" akasema. "Mimi sikumbeba. Nilikuwa na jipu."

Champutai alisimama pale, sari yake mpya imejaa manjano ya watu wengine, kidole bado kiko juu. Miaka sabini kasoro miwili. Mdomo ulitetemeka, na Vatsala, aliyemjua vizuri kuliko mtu yeyote duniani, hakujua kama wifi yake analia ama nini.

Alikuwa anacheka. Kwanza puani, kisha mabegani. "Jipu," alisema. "Lilikuwa shavuni, mshenzi huyu! Shavuni!" Kile kidole akakielekeza kwa mdogo wake na wifi yake. "Tano," alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza nazi. "Tano! Nimeona kwa macho yangu!"

Kisha akashuka ngazi moja moja, akikunja mikono ya blauzi. Wanawake wa basi wakaanza kuwatafuta waume zao kwa macho, nao waume wakaanza kukumbuka vitu walivyosahau garini. Anantrao alikuwa ameshageuka, lakini mtu mwenye fimbo hakimbii mbali, na Dagdu akamzibia njia kwa kifua chake.

"Tupa hizo karanga," alisema Champutai.

"Champa, mgongo wangu..."

"Hapa hakuna jipu. Inama!"

Vatsala hakushuka mapajani. Alijiweka vizuri pale juu, akampangusa mumewe manjano machoni ili naye apate kuona, akakohoa kusafisha koo. Chini, kwa msaada wa Dagdu upande mmoja na dereva upande mwingine, miguu ya Champutai iliachana na ardhi, naye akapiga ukelele kama msichana.

"Moja!" akahesabu Vatsala.